Kombe Lenye Jina Lako

Baba,

Wamekupa kombe. Ni la bati lililopakwa rangi ya dhahabu, lina masikio mawili kama sufuria, na jina lako limechorwa tumboni mwake kwa herufi za Kifaransa. Mimi ndiye niliyelishika uwanjani mbele ya watu wote, na yaliyotokea siku hiyo sijamsimulia mtu. Nani wa kumwambia kama si wewe? Kaka Saidi hataki kunisikiliza. Jafari naye, mume wangu uliyenioza mwenyewe, nikilitaja jambo hilo huchukua kofia yake na kutoka.

Nakuandikia kwa Kiswahili ulichonifundisha ukutani kwa kipande cha mkaa. Hapa Mahajanga sokoni ni Kimalagasi, ofisini Kifaransa, na nyumbani Kikomoro chetu. Lugha hii imebaki ya dua na ya majina ya kamba za meli. Ndiyo maana nimeichagua. Nikiisahau karatasi hii mezani, hakuna atakayeielewa yote.

Wewe unajua jinsi mambo yalivyoanza, lakini niache niyapange, maana yamenichanganya.

Kila mwaka vijana wetu wa mtaa wa Tsaramandroso, wenye jezi za kijani, hucheza na vijana wa Bandarini, wenye jezi nyekundu. Kila mwaka wewe ndiye uliyepanda juu ya pipa, bomba la bati mdomoni, ukautangaza mchezo. Watu walikuita Amerika, kwa sababu ulipokuwa mchochea makaa melini ulikwama msimu mzima katika bandari moja ya huko, meli ikitengenezwa. Ukisema tu, "Huko Amerika," uwanja wote ulinyamaza. Kila mtu alijua unakuja kusema ya hapa.

Huko Amerika, ulisema, kuna vyuo viwili vinavyochukiana kwa ajili ya mpira ambao hata hauchezwi kwa mguu. Mtu anaukumbatia kwapani kama papai la wizi, anakimbia, na wenzake wote wanamwangukia. Wanaochukiana zaidi ni wale ambao hawajawahi kuingia chuo chochote. Baba anamkatalia binti yake kuolewa kwa sababu mchumba ni wa chuo cha pili! Wakati wa uchaguzi, mgombea hukaa kipindi cha kwanza upande huu amevaa kofia yao, kipindi cha pili huvuka uwanja akavaa kofia ya wale. Ulimuuliza baharia mwenzako, "Huyu anamshabikia nani?" Akakujibu, "Anayehesabu kura." Ukatuambia pia kwamba Wamarekani huchagua kati ya punda na tembo, alama za vyama vyao, kisha hushangaa kukuta bustani imeliwa.

Nyumbani ulituambia lile ambalo hukulisema kwenye bomba: kwamba weusi mlikalishwa nyuma ya nguzo, na mchezo wote uliuona nusu.

Mechi yako ya mwisho ilichezwa uchaguzi ukiwa karibu. Wagombea wetu walikuwa wawili. Daktari aliwavika kijani jezi mpya. Mwanasheria aliwapa wekundu viatu. Saidi akawa mtu wa Daktari, Jafari akawa mtu wa Mwanasheria, wakabishana kutoka asubuhi hadi chakula kikapoa, na katika hao wawili hakuna hata mmoja aliyeruhusiwa kupiga kura. Ulicheka mpaka ukatoa machozi. "Wanangu," uliwaambia, "mnagombania ufunguo wa nyumba ya watu."

Ndipo ukapanda pipa, ukalichezea neno la Kifaransa kolegi, ambalo ni chuo na pia ni kundi la wapiga kura. Ulisema, "Huko Amerika kolegi mbili hucheza mpira. Sisi tumeendelea zaidi, kolegi zetu mbili hupiga kura. Ya kwanza ni ya Wafaransa, ya pili ni yetu. Ya kwanza ina wachezaji wachache, lakini huingia uwanjani na mabao mfukoni!"

Baba, kile kicheko. Nilikuwa nimesimama na wanawake upande wa jua, na niliona watu wazima wakishikana mabega ili wasianguke. Kisha nikamwona mkalimani amemwinamia mkuu wa wilaya chini ya lile paa la wazungu, akimnong'oneza. Mkuu wa wilaya hakucheka.

Hukupigwa, hukufungwa. Uliambiwa tu kwamba karakana ya Andoany, huko Nosy Be, inahitaji fundi wa boila, na kwamba meli inaondoka Ijumaa. Ulinishika kichwa ukaniambia, "Wamenipandisha cheo hadi kisiwani." Nilicheka kwa sababu ulitaka nicheke.

Hapo ndipo watu wako walipogawanyika. Daktari alimwambia Saidi kwamba Mwanasheria ndiye aliyekuchongea. Mwanasheria alimwambia Jafari kwamba ni Daktari. Kila mmoja akaamini wake. Saidi akaacha kuingia kwangu. Jafari akaacha kwenda kusalimia kwa Saidi. Taarifa ya homa iliyokuchukua ilipotufikia, ulikuwa umeshazikwa, na mimi nililia mara mbili, mara moja na kaka yangu, mara moja na mume wangu, kwa kuwa hawakukubali kulia chumba kimoja. Hitima yako ilisomwa kwenye nyumba mbili za mtaa mmoja, saa ileile. Nilibeba sinia la wali kutoka huku kwenda kule, sauti za Yasini zikipishana juu ya kichwa changu, na sikujua niitikie amina ya nani.

Uchaguzi ukapita. Mwanasheria alipata kiti. Sasa sikiliza hili: Daktari akapewa nafasi katika kamati ya Mwanasheria. Wanapanda gari moja. Nilimwambia Saidi, akanijibu, "Daktari amejitoa mhanga kwa ajili yetu." Nilimwambia Jafari, akanijibu, "Mwanasheria anamweka karibu ili amchunguze." Ningefanya nini, Baba? Niliwapikia, basi.

Kisha wakaja na kombe. Walisema mji unataka kumuenzi mtu aliyependa mchezo na utulivu. Utulivu! Waliniita mimi, binti wa marehemu, nije kulikabidhi kwa washindi. Mwanasheria alikaa kipindi cha kwanza na kijani, amefunga kitambaa cha kijani shingoni. Mapumziko yalipoisha alivuka uwanja polepole, akiwapungia watu, na alipofika ng'ambo kitambaa kilikuwa chekundu. Niliona kwa macho yangu. Nilitaka kucheka, nikageuka kushoto na kulia kutafuta wa kucheka naye. Wote walikuwa wakipiga makofi.

Kabla sijalinyanyua nilimuuliza Daktari, "Bwana Daktari, nani aliyempeleka baba yangu Nosy Be?"

Alitabasamu. "Mwanangu, leo ni siku ya furaha."

Mwanasheria akaongeza, "Hayo yameshapita, dada yangu." Wakatazamana, mtazamo mfupi kama wa watu wanaosubiri mvua iishe, na nikajua kwamba jibu wanalo wote wawili na sitalipata.

Nililikabidhi. Wekundu walipolinyanyua, mtu wa kijani akarusha jiwe, uwanja ukapasuka. Saidi na Jafari walikutana katikati kana kwamba waliahidiana. Nilikimbia, nikajiweka kati yao, nikapiga kelele, "Huyu ni kaka yangu! Huyu ni mume wangu!" Walikuwa wakijua. Jafari alikuwa na mti wa bendera. Mkono wa Saidi ulivunjika juu ya kiwiko, nikausikia. Gari la waheshimiwa lilishaondoka, wote wawili ndani.

Mkono umeunga vibaya. Hawezi kuunyoosha.

Mimi nilichoka, nikapanda meli kuja kwako. Jafari hakunizuia, alinibebea tu mzigo hadi gatini, kichwa chini. Kutoka Andoany walinielekeza Dzamandzar, kwa Mama Tombo aliyekupangisha chumba, mwanamke wa Kisakalava mwenye meno machache na moyo mkubwa. Nilidhani nitakuta habari za mtu mpweke. Kumbe kila Jumapili ulikuwa ukisimama juu ya mkokoteni wa miwa ukiwatangazia mpira wafanyakazi wa kiwanda cha sukari! Mama Tombo alinionyesha, mikono mdomoni kama bomba. Alisema uliwatangaza hata wanawake wanaopita na ndoo: huyo anapita kulia, anampiga chenga mbuzi, hajamwaga hata tone! Alicheka, kisha akafuta macho kwa ncha ya lamba, shuka aliyojitanda, akanieleza homa ilivyokuwa. Siku ya mwisho ulikuwa ukiuliza, "Nani kashinda? Nani kashinda?" Hakujua unaulizia mpira au kura. Akakujibu, "Ninyi." Ukatulia.

Nilikaa kwenye kaburi lako mpaka jua likaniunguza shingo. Ni mawe meupe tu, hakuna jina. Nilipanga kukusomea Yasini, nikajikuta nakulaumu. Kwa nini uliwachekesha? Kwa nini hukunyamaza kama baba za wengine? Halafu nikawaza ungekuwa baba gani ukinyamaza, nikang'oa majani.

Nimerudi. Hakuna kilichobadilika, isipokuwa kimoja ambacho sijamwambia mtu yeyote kabla yako. Nina mimba, Baba. Imeshaanza kucheza.

Siwezi kukuahidi kwamba watapatana. Nimejaribu kwa chakula, kwa machozi, kwa jina lako, na nimeshindwa. Ninachokuahidi ni hiki. Siku mtoto atakapozaliwa nitawaita wote wawili chumbani, na sitamwambia yeyote kwamba mwenzake ameitwa. Jafari ni baba yake, atamsomea adhana sikio la kulia. Saidi ni mjomba wake, atamsomea ikama, mwito wa kuanza sala, sikio la kushoto. Kichwa cha mtoto ni kidogo, itabidi wainame karibu. Kama mmoja atageuka na kuondoka, sikio lake nitalisomea mimi, hata wakisema mwanamke hasomi.

Lala salama, Baba yangu. Mungu akupanulie mahali ulipo.

Binti yako,
Zaina