Kibuyu Ulichompa Mama Leokadia

Dada yangu Yustina,

Shikamoo. Watu wakiandikiana huanza kwa kuulizana hali. Ya kwako naogopa kuiuliza, na ya kwangu utaisikia humu humu. Karatasi hii nimeichana kwenye daftari la Anjela wangu, na unajua kusoma kwangu kuliishia kwenye mafundisho ya komunyo, kwa hiyo vumilia mwandiko.

Nina hasira na wewe. Nimekaa nayo tangu matanga, na leo nimeona nikuambie mwenyewe kuliko kuendelea kukisemesha chungu.

Siku walipogawa vitu vyako, Mjomba alinipa mimi kinu na kanga mbili. Nikashukuru. Kisha akakishika kibuyu chako cha bustanini, kile chenye shingo ndefu na kizibo cha gunzi, akasema, "Hiki marehemu aliagiza apewe jirani, Mama Leokadia." Dada, watu wote walinitazama mimi. Mama Leokadia ametoka Nzega juzijuzi, hata misimu mitatu hajamaliza hapa Kwihara. Mimi nimelala nawe ngozi moja tangu utoto. Nikasema mbele ya watu, "Labda na mimi niliokotwa, mama hakuniambia tu." Wengine walicheka. Yeye akapokea kwa mikono miwili na kuinamisha macho, na hata kule kuinamisha macho kulinichoma.

Maana kibuyu kile nilikijua. Ulikuwa ukinyunyizia figiri zako kwa ufagio wa nyasi, na viwavi wanaanguka. Zangu, hapo hapo ng'ambo ya uzio, zinabaki mishipa mitupu. Nikikuuliza umetia nini, unajibu, "Geuza jani, mdogo wangu. Wewe unaangalia juu tu." Kila mwaka jibu hilo hilo. Nikajua ndivyo ulivyo, unapenda kusifiwa peke yako. Kumbe kuna mtu ulimwambia.

Mvua za mwaka huu zimekuja vizuri, na viwavi nao. Walianza na figiri, wakaingia kabichi, hata kunde nilizotaka kuanika majani yake yawe nsansa, mboga kavu ya kiangazi, wakazitoboa. Nikamwaga majivu, mvua ikayaosha. Nikamwaga tena. Kwake Mama Leokadia anavuna kapu zima. Bwana Shamba alipopita na baiskeli yake alisimama kwake, kwangu hakusimama. Nilikuwa nyuma ya mihogo, nasikia anavyomsifu. Yeye akajibu, "Maarifa haya ni ya marehemu, Bwana, si yangu." Afadhali angejisifu. Ningepata cha kumsema.

Jumapili moja nikasingizia kichwa, sikwenda kanisani. Walipoondoka, niliruka uzio, Dada. Mimi, mtu mzima mwenye watoto wanne. Kibuyu kilikuwa kimetundikwa juu kabisa kwenye paa la jiko lake, ikabidi nipande kwenye kinu chake ndipo nikakifikia. Nikamimina nusu kopo. Maji meusi, yananuka kama mfuko wa Mjomba. Tumbaku, ile kali ya Sikonge. Nikacheka peke yangu, nikasema siri yenyewe ndiyo hii. Kopo nikaliweka chini pembeni ya mtungi wangu, nikaenda kukata nyasi za ufagio.



Tobia, kitinda mimba wangu, ulimwacha akitambaa, sasa anatembea. Hakuna asichotia kinywani, mchanga, maganda, vifungo. Niliporudi kopo limelala chini na kidevu cha mtoto ni cheusi. Akatapika, akatapika tena, jasho likamtoka, akalegea mikononi mwangu kama nguo iliyoloa. Nilipiga kelele. Watu walikuwa wanatoka kanisani, na wa kwanza kuingia alikuwa yeye. Alinusa kinywa cha mtoto, akajua. Akamfunga mgongoni, tukakimbia mpaka kwa masista wa misheni, yeye mbele, mimi nyuma nimeshika viatu vyake vya kanisani.

Nikwambie aibu yangu yote. Njiani Tobia alifumbua macho, akashika shingo ya yule mama, akajilaza. Na mimi, mtoto wangu akiwa katika hali ile, niliona wivu.

Sista alikaa naye mpaka jua likawa chini. Alisema kilichomponya ni kutapika mapema. Amepona, Dada. Leo asubuhi amekula kipande cha gunzi alichookota uani, kwa hiyo ujue amepona kweli.

Tuliporudi ndipo Mama Leokadia aliposema. "Dada yako alinionya. Alisema, mdogo wangu ana mtoto wa kutia vitu kinywani, na vyombo vyake vyote viko chini. Kitunze wewe, kitundike juu, mpaka mtoto apate akili. Halafu umpe mdogo wangu. Ni chake."

Ni chake. Sasa kwa nini hukuniambia mimi? Ningenuna siku mbili, yakaisha. Badala yake mmekaa wawili mkanizungumza, na vyombo vyangu, na haraka yangu. Na ubaya zaidi ni kwamba mlikuwa mnasema kweli.

Kibuyu nimekiacha kule kule juu kwake. Uzio tumefungua upenyo, na kila asubuhi kabla jua halijawa kali anakuja tunaokota viwavi kwa mkono, tunawatia kwenye kopo la majivu. Mayai yao tunayaponda kwa kidole. Huwa yako chini ya jani, kama ulivyosema. Yeye naye ananiambia, "Geuza jani," kwa sauti yako kabisa. Neno lile lilikuwa langu. Nalivumilia. Kila asubuhi ananipa kitu chako kimoja nisichokijua, kwamba uliogopa vinyonga, kwamba ulikuwa ukiimba ukidhani hakuna mtu. Naumia kusikia, halafu namwomba kingine.

Figiri zimeanza kutoa majani mapya. Mstari nilioupanda kwa mbegu zako nimeuacha utoe mbegu, na mbegu hizo nitamgawia nusu. Nusu, Dada, si zaidi. Vyombo vyangu vyote nimevipandisha juu. Siku Tobia atakapoelewa akiambiwa usiguse, nitakwenda kukichukua kibuyu kwa kupitia mlangoni, nipokee kwa mikono miwili. Mpaka siku hiyo nitageuza jani moja moja, yangu na yako.

Pumzika sasa. Ukimwona mama huko, habari ya kopo usimwambie. Hiyo niachie mimi.

Mdogo wako wa tumbo moja, ambaye hakutoka Nzega,

Kalista