Mnada wa Brightness

Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
12 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Beno,

Hujambo huko Mtwara? Lile goti limepoa? Mimi mzima, ila tangu uhamie huko nakula peke yangu, na chumba hiki hakinibishii hata neno moja. Nakuandikia kwa kuwa kwenye simu nikianza kugomba unakata.

"Mtoto hapelekwi shule kuimba na kuigiza, Kiingereza kinaingia kichwani kwa daftari." Hayo ni maneno ya Marcelino, mwenyekiti wa wazazi. Si kweli! Madaftari yamejaa, vinywa vimefungwa. Nimesoma vya kutosha kujua kuwa neno lililoshikwa kwa wimbo na kwa mwili, ubongo hulikumbuka kwa njia nyingi. Lililokaririwa kwa hofu huondoka na fimbo.

Ndiyo maana kidato cha kwanza nawafundisha Kiingereza kwa mchezo wa mnada. Watoto wa Kariakoo hujua kunadi kabla ya kujua kusoma. Mwanao Brightness, ambaye tangu Januari hajanijibu swali hata moja, wiki jana alijitupia khanga begani, akapanda benchi, akanadi vitenge kwa Kiingereza. Mwanafunzi mwenzake, Allan, alipombishia bei, akamwambia, kwa Kiingereza hichohicho, awapishe wenye hela. Darasa lilivunjika mbavu.

Mkeo alikuwa dirishani, kamletea daftari alilosahau. Akasikia mahadhi yaleyale anayonadia yeye Mtaa wa Kongo. Akadhani anakejeliwa.

"Wifi, naungua na jua asije kuwa kama mimi, nawe unamfundisha kuwa mimi?"

Sikuwa na jibu. Mimi, Beno! Akaenda kutia sahihi kwenye barua ya Marcelino ya kunizuia kufundisha kwa mnada, na jina lako akaliandika chini ya lake. Tangu siku hiyo Brightness kanyamaza tena. Walimu wenzangu nao wanakunywa chai meza nyingine.

Jibu limenijia leo, nikiwa sina wa kumwambia. Mtoto hakukejeli. Alitafuta sauti isiyoogopa watu, akaikuta ya mama yake.

Nisalimie Anuari na Zulekha, majirani zako. Mungu akushike mkono kazini.

Kikao cha wazazi cha kuijadili barua ya Marcelino ni Ijumaa, saa nne, darasani kwangu, na Brightness nitamwomba anadi tena. Beno, mpigie mkeo leo, umsomee barua hii yote. Nawe wifi yangu Stella, njoo mapema, ukae dawati la mbele, umsikilize mwanao mpaka amalize. Ukishamsikiliza, mwambie yeye, usiniambie mimi, kama sahihi yako inabaki.

Dada yako anayekupenda hata akigomba,
Blandina