Bata Aliyelazwa Ndani ya Sweta

Mweiga
11 Mei, 2025

Njoki mtoto wangu,

Bata wako Kabata hawezi kusimama tangu Alhamisi. Nimetanguliza hiyo kwa sababu ukiona salamu ndefu utajua kuna kitu kibaya.

Sasa, hujambo maitu, kipenzi changu? Sisi hatujambo, ni mvua tu na baridi. Baba yako anakohoa kidogo. Kaka yako Wamae anapalilia viazi akilalamika. Wewe kifua kikoje huko shuleni Kangema? Ile sweta ya kijani unaivaa ama unaikalia?

Turudi kwa mgonjwa. Anakaa kwa tumbo, shingo inamwanguka kama mtu anasinzia kanisani, na anapumua mdomo wazi. Lakini usiogope, yuko na mimi. Nilienda duka la dawa za mifugo, mwenye duka akaniuliza, "Mama, ni kuku wangapi?" Nikamwambia si kuku, ni bata, na ni mmoja, na ni wa msichana wangu. Kuku aliyewekewa pia mayai ya bata aliangua vifaranga vyake akaondoka, akayaacha mayai ya bata yakiwa yamebakisha wiki nzima, na msichana wangu akachukua yai moja akalilaza kwa boksi, akiligeuza na kubadilisha chupa ya maji moto mpaka likapasuka. Na huyo msichana ni namba mbili darasani. Watu wote dukani wakageuka. Hakuna mtoto mwingine Mweiga nzima amefanya hivyo, na nikawaambia.

Sasa analala ndani ya sweta yangu. Leo nimeenda naye kanisani. Wamae anasema ati hata yeye sikumbeba hivyo. Nikamwambia yeye alizaliwa na kilo nne, angenivunja.

Wewe ndiye daktari wa hii boma. Niambie nifanye nini. Barua inakuja na Mutahi wa lori ya viazi, mpe jibu akirudi.

Mama yako


Kangema
14 Mei, 2025

Mama mpendwa,

Natumai Baba amepata nafuu na wewe hujambo. Mimi ni mzima, na sweta naivaa.

Nimesoma barua yako mara tatu. Asante kwa kumbeba Kabata. Nilimuuliza mwalimu wa kilimo, naye akauliza swali moja tu: je, alilowa? Bata jike huwafunika watoto wake na manyoya yao hupata mafuta yake. Kabata hakufunikwa na bata, alifunikwa na blanketi langu. Akiingia majini analowa mpaka kwenye ngozi, na baridi inamshika kifua. Ndiyo sababu niliandika ASIOGE kwenye boksi lake.

Kama alilowa, dawa ni joto na kukaa mkavu, basi. Kama hakulowa, basi ni miguu imekosa nguvu kwa sababu ya chakula, na matibabu yake ni mengine kabisa. Niambie kilichotokea Alhamisi. Sitakasirika.

Mwambie Kabata namkumbuka. Akisikia jina langu alikuwa anainua kichwa.

Binti yako,
Njoki


Mweiga
16 Mei, 2025

Njoki maitu,

Hujambo? Huku ni wazima, baba yako amepona. Mutahi ananingoja barabarani akipiga honi, kwa hivyo nitaandika mbio.

Hakulowa. Angelowa wapi na mimi niko hapa? Ni miguu. Nilimtajia jina lako, akainua kichwa kidogo. Mwalimu wako mwambie nimesema asante, na umwambie mama yako amemlea bata huyu kama mtoto mchanga.

Mama yako


Kangema
21 Mei, 2025

Mama mpendwa,

Nashukuru kusikia Baba amepona. Mimi sijambo.

Kama ni miguu, kuna matumaini. Changanya hamira kidogo kwenye chakula chake. Mara mbili kwa siku mweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, dakika tano, ili maji yambebe naye apige miguu. Kisha mkaushe.

Usiogope maji, Mama. Kwa ugonjwa huu maji ni dawa.

Binti yako,
Njoki


Mweiga
8 Juni, 2025

Njoki maitu,

Salamu nyingi. Nimepata zile barua zako mbili za kuuliza mbona nimenyamaza. Sikuwa mgonjwa.

Kabata alikufa Ijumaa tarehe 23 Mei, saa nne asubuhi, kwa sweta yangu. Nilikuwa nimemweka majini mara mbili.

Sasa usiweke barua chini, soma mpaka mwisho. Alilowa. Ile Alhamisi ya kwanza chama chetu cha akina mama kilikutana kwetu, na nilikuwa nimejisifu wiki nzima juu ya bata wako. Waithira, mwenyekiti wetu, akamwangalia akasema, "Bata gani hajui maji? Huyo ni kuku wa mdomo mpana." Wakacheka. Nikajaza beseni maji ya mfereji. ASIOGE nilikuwa nimeisoma. Aliogelea, wakapiga makofi, nikaingia ndani kumimina chai. Nilipotoka alikuwa amelowa chapachapa, amebaki shingo tu juu ya maji.

Ulipouliza nikaona aibu. Halafu ukaniandikia maji. Mkono ulikataa, Njoki, lakini kukataa ingekuwa ni kusema kwa nini. Nikasema labda daktari anajua, na nilijua kwamba daktari hajui, kwa sababu ni mimi nilimnyima ukweli.

Wewe ulitibu ugonjwa ambao mimi nilikuandikia. Hukukosea mahali popote. Wamae anasema uliandika kwake kuwa unataka kuacha somo la kilimo ukisikia Kabata hayuko. Usiliache. Nimeenda kwa chama nikawaambia yote, nikiwa nimesimama. Wamae alimzika Kabata nyuma ya zizi, na siku hiyo hakufanya mzaha.

Siku ya wageni shuleni kwenu imekaribia na wewe hujasema kama tuje. Tunakuja wote watatu. Kama hutaki kuniona, baba yako na Wamae wataingia, mimi nitangojea nje ya geti na chakula chako, na sitatuma mtu kukuita. Lakini ukitaka kuniuliza kitu, niulize uso kwa uso, na nitajibu vile ilivyokuwa. Tutafika saa tatu asubuhi, Jumamosi tarehe 14 Juni.

Mama yako