Kirusi Kimoja, Barua za Miaka Tisa

Kaka, uko? Acha unachofanya usome. Leo nimekiokoa kiwanda cha uchapaji kwa kukizika.

Si nilikwambia nimewawekea ile programu ya bure ya kusaka virusi kwenye seva? Nikaiagiza: ukikuta faili lenye kirusi, futa. Sikusema tenga pembeni. Futa. Fundi mzima, nimezunguka nchi sita, nikaandika futa.

Ikakuta kirusi. Kimoja. Ndani ya barua moja ya mteja.

Sasa seva yao kuukuu huhifadhi barua pepe zote za mtu kwenye faili moja. Programu ikafuta faili zima. Barua za mama mkurugenzi za miaka tisa, oda zote zimo humo.

Nakala ya akiba? Ilikuwepo. Niliiweka kwenye seva hiyohiyo, eti iwe salama. Nayo ikasakwa, nayo ikafutwa.

Mama akaniangalia, akauliza taratibu, "Mzee, kirusi kimekwisha?"

Nikasema kimekwisha.

"Hongera. Na kazi yangu imekwisha nayo."

Kimekwisha, nimesema. Mimi huyu, na mvi zangu.

Basi kanipa simu na orodha ya wateja, niwabembeleze mmoja mmoja watutumie tena barua zao. Wa kwanza muungwana kweli, hakuuliza hata swali. Kazituma zote papo hapo.

Ya juu kabisa ni ile yenye kirusi, na programu nimeizima isije ikafuta tena.

Mama mkurugenzi ameshaifungua.