Ile Namba Yako ya Zamani

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Duka la Rangi.
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu Kasuku,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu. Hujambo huko uliko? Shemeji hajambo, na binti yenu je, yale meno ya mbele yameshaota? Kikohozi chako kimekuacha? Mimi ni mzima, ila mgongo unalalamika kwa hizi sare za shule ninazoshona, na macho yameanza kunikimbia. Uzi natunga kwa kubahatisha.

Kila ukipiga simu nakuambia huku kwema. Huku si kwema, mdogo wangu. Kulisema kwa mdomo nimeshindwa, ndiyo maana unaona karatasi. Kaa chini kwanza, uisome taratibu.

Dada yetu anaumwa. Ni saratani ya mlango wa kizazi. Ilianza kwa damu iliyomtoka wakati hedhi yake ilishakoma zaidi ya mwaka, akasema ni uchovu wa kusimama kutwa akipiga pasi mashuka ya hoteli. Unamjua, hata homa huipangia zamu. Alipokubali kwenda hospitali, kiuno kilikuwa kinamuuma hata kuketi hawezi. Daktari alisema imeshasambaa kwenye nyonga. Anapigwa mionzi ili damu ikatike na maumivu yapungue. Kuhusu kupona hakusema kitu, nasi tukaogopa kumuuliza.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikaba.

Miaka mitatu iliyopita wauguzi walikwenda kazini kwake kuwapima wanawake virusi vya HPV, vile vinavyoleta saratani hii. Dada alikuwa wa kwanza kwenye foleni, akawaburuta na wenzake waliokuwa wanaona haya. Waliambiwa kwamba atakayekutwa na tatizo atapigiwa simu. Siku hizo Dada hakuwa na simu, yake ilikuwa imetumbukia kwenye beseni la sabuni. Kwenye fomu akaandika namba pekee aliyokuwa ameikariri, ile yako ya zamani, kwa kuwa ulipoondoka uliniachia mimi laini.

Nami nilikuwa nimeshaitoa kwenye simu. Marafiki zako walikuwa hawaishi kukuulizia, nikachoka, nikaitupia kwenye droo ya cherehani pamoja na vifungo. Dada hakuniambia kuwa ameiandika, alisahau. Wiki zikapita hajasikia kitu, akahesabu kwamba kimya ni uzima. Wenzake wawili walipigiwa, wakaenda, wakatibiwa siku moja, wakarudi kazini. Akawa anawatania kwamba wana mikosi.

Mwezi uliopita muuguzi alifungua faili, akauliza mbona hakurudi, walimpigia mara nne. Akaanza kuisoma namba. Dada akaimalizia mwenyewe bila kuangalia. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni nimeshika mkoba wake, nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Mumewe alitaka kujua virusi hivyo vilitoka kwa nani. Muuguzi akamweleza kwa upole kwamba karibu kila mtu huvipata wakati fulani, mara nyingi huondoka vyenyewe, na vile vya hatari huweza kujificha miaka na miaka, kwa hiyo asitafute mchawi. Mume wa Dada aliinamisha kichwa. Tangu siku ile yeye ndiye anayemfulia nguo, na hataki kusaidiwa.

Nilimwomba Dada msamaha nikilia kama mtoto. Akanitazama, akasema, "Mimi niliiandika, wewe uliitoa, Kasuku aliiacha. Tugawane watatu, kama tulivyogawana kitanda." Kisha akanituma maji ya kunywa. Hajalitaja tena. Mimi bado nalibeba, na wewe nakuomba usilibebe. Wewe uliacha laini tu.

Ana agizo moja kwako. Ukapimwe, umri wako umeshafika. Uandike namba unayoipokea mwenyewe, na majibu yakichelewa uyafuate kwa miguu yako. Anasema ukikaidi atakuja kukuburuta. Anayesema hivyo, kutoka kitandani hadi mlangoni tunamshika mikono.

Kama kazini wanaweza kukupa ruhusa, iombe sasa.

Nisalimie sana shemeji, umbusu binti. Huku mume wa Dada anakusalimu, na wale wenzake wawili, wanaokuja kila Jumamosi kumsuka nywele, wanakusalimu pia. Mungu awafunike kwa rehema zake, akufikishe kwetu salama.

Jana nilipekua droo, laini nikaikuta chini ya vifungo. Nimeipeleka dukani wakaifufua, nikaiweka kwenye simu ya Dada. Iko chini ya mto wake. Ukishamaliza kulia, piga ile namba yako ya zamani. Safari hii itapokelewa.

Ni mimi, dada yako wa katikati,
nikupendaye hata ukinikasirikia.