Ametangulia Kington

Columbia, Maryland
12 Mei

Mpendwa kaka yangu Ferdinand,

Tumsifu Yesu Kristo. Salamu nyingi zikufikie hapo Kamachumu, wewe na wifi Violet na watoto wote. Natumaini hamjambo, na kwamba masika yamewaachia angalau njia ya kwendea kanisani. Sisi huku hatujambo. Queen wangu amenipita kimo. Nikimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno na kunijibu kwa Kiingereza, hata ninapomgombeza. Mgongo unanisumbua kidogo kwa kazi ya kuinua watu, ila mkono unakwenda kinywani, tunamshukuru Mungu.

Utashangaa kupata barua ya karatasi wakati tunapigiana simu kila Jumapili. Nimempa Isack wa ubalozini, anayekuja likizo, na nimemwapisha akukabidhi mkononi. Kwenye simu wewe una ufundi wa kunikatiza, na mimi nina udhaifu wa kukubali kukatizwa. Karatasi haikatizwi. Kwa hiyo kaa chini usome hadi mwisho, usiruke mistari kama unavyofanya na nyaraka za askofu.

Nilikwisha kukuambia kwamba namtunza bibi mmoja Mwingereza, mwenye ugonjwa wa kusahau. Anaitwa Bi Enid, ana miaka themanini na tisa, na anaishi hapa Columbia kwa binti yake, mwalimu wa chuo kikuu cha College Park. Jambo ambalo sijakuambia ni kazi aliyokuwa akiifanya kwao. Kwa miaka ishirini na miwili aliendesha gari la maktaba katika mkoa mmoja wa mashamba uitwao Herefordshire. Ni mkoa wa matofaa na ng'ombe wekundu wenye nyuso nyeupe, na vijijini nyumba zina mbao nyeusi na kuta za chokaa. Kila Alhamisi alianzia Leominster, akapita Monkland, Eardisland, Pembridge na Lyonshall, akiazimisha vitabu kila kituo, mpaka Kington, ambako ndiko nyumbani kwake. Alipofika, mumewe Cyril alikuwa amekwisha kuchemsha chai.

Sasa kichwani mwake kila siku ni Alhamisi. Hali chakula, haogi, hachani nywele mpaka tuianze safari. Kwa hiyo namweka kwenye kiti cha magurudumu, tunalizunguka ziwa la hapa mtaani tukitaja vijiji. Benchi la kwanza ni Monkland, daraja ni Pembridge. Siku ya mwanzo nilisoma majina kwenye karatasi aliyoniandikia binti yake, nikasoma kama tulivyofundishwa na mwalimu wetu wa darasa la kwanza, silabi kwa silabi: Le-o-mi-nsta. Bi Enid alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akanifundisha kwamba ni Lemsta. Wenzetu hawa huandika herufi zote halafu wakasoma nusu. Binti yake alitoka jikoni mbio kuja kuona nani anacheka, kwa kuwa hakuwa amesikia kicheko hicho tangu mwaka juzi.

Nami nikamfundisha barabara yetu: Bukoba, Kemondo, Muhutwe, panda mlima, Kamachumu. Muhutwe ilimpendeza sana. Aliniuliza kama wana maktaba, nikamjibu kwamba hata gari la vitabu halijafika, akasema basi tutaanzia huko wiki ijayo.

Taabu ilikuwa mwisho wa safari. Tukishapita Lyonshall huuliza Cyril yuko wapi, na Cyril alikufa miaka kumi na miwili iliyopita. Binti yake ni mtu wa kusema kweli, alikuwa akimwambia: Mama, baba alikufa. Basi msiba unaanza upya kama vile umetokea asubuhi ile. Baada ya saa moja anasahau habari, lakini huzuni inabaki, na hajui imetoka wapi. Mimi nilishindwa. Siku moja aliponiuliza mimi, nilitafuta neno la heshima, na kwa haraka nikalitoa katika lugha yetu nikalivika Kiingereza. Nilimwambia ametangulia. Nilidhani nimemwambia kuwa amekufa, kwa upole, kama tunavyosema kwetu. Yeye akaniangalia kwa furaha akasema hivyo ndivyo alivyo Cyril, lazima afike Kington kabla yake awashe jiko. Akala chakula chote. Tangu siku ile hilo ndilo jibu la nyumba nzima. Hata binti yake mpenda kweli amelikubali.

Chepngetich, Mkenya ninayepokezana naye zamu, hakupendezwa. Aliniambia, "Wewe Honorata, hiyo ni kudanganya mzee tu, ata ukii-dress vipi." Nilimjibu kwamba sikusema uongo hata kidogo, kwani Cyril kweli ametangulia. Akaenda kumpima Bi Enid presha.

Sasa nije kwako. Tangu Februari sijaisikia sauti ya mama. Nakupigia Jumapili, jioni yako na asubuhi yangu, nakuomba unipe mama, nawe unanijibu kwamba mama amepumzika. Jumapili za kwanza nilikubali, mzee wa miaka themanini na mbili ana haki ya kulala mapema. Baadaye nikanung'unika, ukaniambia nisiwe na wasiwasi, amepumzika vizuri. Unajua jinsi ninavyoumia kuwa mbali. Makaratasi yangu ya ukaazi bado yako kwa wakubwa, nikitoka nje ya nchi kabla ya usaili mlango unafungwa nyuma yangu, na Queen abaki huku na nani? Tulikubaliana mimi na mama kwamba atanisubiri. Ndilo jambo pekee nililomwomba katika miaka tisa.

Alhamisi iliyopita tulikuwa tumefika benchi la Lyonshall. Bi Enid hakuuliza kitu. Alinishika mkono, akaniambia kwa sauti ya mtu mwenye akili zake zote kwamba Cyril amekufa, na kwamba siku nyingine huwa anajua vizuri kabisa. Nikamuuliza kwa nini basi hunikubalia. Akasema aliniona ninavyohangaika kumtafutia maneno mazuri, akaona si adabu kuniharibia. Ubaya wake, alisema, ni kwamba siku anazojua hulia peke yake, kwa sababu hakuna wa kulia naye. Sisi tunaomtunza sote tuna nyuso za kuchangamka. Nilipiga magoti pale njiani nikalia naye. Watu waliokuwa wakikimbia walitupisha. Tulipofika nyumbani alikuwa amekwisha kusahau, akaniuliza mbona macho yangu mekundu.

Kaka Ferdinand, mimi najua kwamba mama amekufa.

Nimejua tangu Jumapili ya Matawi. Nilikuwa nimejisifu kwa Chepngetich kwamba "ametangulia" si uongo, halafu nikakupigia, ukaniambia amepumzika, na neno lako likagoma kunitoka kichwani. Wewe ni katekista, tangu utoto huwezi kusema uongo bila kushikwa na kwikwi. Ulitafuta neno ambalo si uongo, nami nalijua neno hilo, kwa maana nimelisoma kwenye misalaba ya kaburini. Nikakujaribu. Nikakuambia umfikishie mama salamu. Ukasema utazifikisha katika sala. Mtu hampelekei mama yake salamu katika sala ikiwa mama yuko chumba cha pili. Njia ya mwongo ni fupi, lakini wewe umetembea miezi mitatu bila kusema uongo hata mmoja, na Wahaya wenzetu wa huku, walio wachache wa kuhesabika, naona umewaziba midomo wasinipe habari.

Najua kwa nini. Uliogopa nitapanda ndege nipoteze kila kitu. Kweli ningepanda. Nimekukasirikia sana na nimekushukuru sana, na sijui kipi kinazidi.

Lakini kosa si lako peke yako, na hili ndilo nililoshindwa kulisema kwa simu. Jumapili saba nimekupigia nikijua. Nilikuuliza mama yukoje kwa makusudi, ili unijibu amepumzika, kwa kuwa kwa muda ule wa simu alikuwa amelala tu, na mimi nilikuwa bado na mama. Nilikulazimisha umzike upya kila wiki, nikikusikia sauti inavyokatika, nikajifanya sisikii. Nisamehe, kaka.

Jumapili nitapiga saa ile ile. Usimpe Violet apokee. Usiniambie amepumzika. Niambie alikufa siku gani, nani alikuwa amemshika, alisema nini, alinitaja au hakunitaja. Niambie walimvika gauni lipi, na kama mmemlaza karibu na baba. Halafu mimi nitalia, na wewe usinikatize. Nawe ulie pia, kwani sidhani kama ulipata nafasi, kwa kazi ya kunilinda.

Nisalimie wifi, wabusu watoto, na majirani wote waliokaa matanga badala yangu waambie nawashukuru. Queen anawasalimu, yeye bado sijamwambia.

Ni mimi, yatima mwenzako,
Honorata