Mchanga Mbele ya Gari la Moshi

Arusha, Desemba 1913

Dada yangu Mwanamkuu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Pangani, na goti lako limeacha kukusumbua. Mimi sijambo, ila baridi ya Meru inaniingia mpaka mifupani.

Barua yako nimeipata. Nilifurahi mno kusikia kwamba baba yake Nusura ameikubali posa, na kwamba anatembea kifua mbele akitangaza binti yake anaolewa na dereva wa gari la moshi. Unauliza nije lini kufunga ndoa. Kabla sijakujibu, acha nikusimulie mambo ya juzi.

Hapa tuko watu wanne tuliofanya kazi ya reli, kila mmoja sehemu yake, mpaka ikafika Moshi. Tumeunda chama. Kila Jumapili hukutana kwenye karakana ya Anaeli, seremala wa Nkoaranga, na mwaka mzima tumekuwa tukijenga reli ndogo juu ya meza. Ukiiita ya kuchezea mbele ya mwenzetu Solomoni, mtagombana. Reli zake ni vyuma vya kufungia mapipa, mabehewa ni bati, na gari linakwenda kwa springi ya saa mbovu. Reli ya kweli haijafika Arusha, lakini yetu tumeifikisha, kwa mlima wa mbao.

Siku ya maonyesho ya mazao tuliiweka uwanjani mbele ya boma, kati ya mikungu ya ndizi na mbuzi. Watu walijaa. Solomoni, ambaye hajui kusema kidogo, akawatangazia kwamba mimi ni dereva hasa, maana ndivyo nilivyomwambia hata yeye. Gari lilipita vituo vyote vizuri. Lilipoanza kupanda kuja Arusha, manyunyu yakaanguka, reli zikalowa, magurudumu yakazunguka palepale. Watu wakacheka. Mfugaji mmoja, mzee Loishiye, akaniuliza dereva hufanya nini likimkuta hilo.

Mkono ulijibu kabla ya mdomo. Nilichota mchanga mkavu chini ya meza, nikaunyunyiza relini. Gari likapanda hadi Arusha, vigelegele vikapigwa. Loishiye hakuridhika. Akauliza kama kwenye gari kubwa dereva hushuka mwenyewe kumwaga mchanga. Nikasema hapana, yuko mtu wa kazi hiyo. Akauliza ni nani. Solomoni alikuwa akinitazama. Nikasema ni mimi.

Dada, sijaendesha gari la moshi hata siku moja. Miaka minne nilikuwa mtu wa ndoo, nikimwaga mchanga kwenye reli siku za mvua. Niliona aibu kukuandikia hivyo, nikaandika dereva, na uongo ukanizidi nguvu. Nisamehe.

Solomoni alininunia mpaka jioni, kisha akaniambia Jumapili nisichelewe. Loishiye alinishika mkono akasema bila mimi gari lingekuwa bado liko bondeni. Dada, nilitokwa na machozi.

Sasa mimi ni msaidizi wa Anaeli, na randa naiweza. Tafadhali wasomee barua hii Nusura na baba yake, usiruke neno. Wakinitaka hivi nilivyo, nitakuja mwezi ujao. Wakikataa, sitawalaumu, ingawa nitaumia sana.

Nisalimie watoto na majirani wote.

Ni mimi mdogo wako,
Hatibu, mmwaga mchanga